Nyota na Daftari la Stesheni

Kazi ya stesheni masta ni kuandika saa. Treni ikitoka stesheni ya jirani simu inalia, unaambiwa imeondoka, unatazama saa ya ukutani, unaandika. Ikifika kwako unaandika tena. Abiria huona bendera na kusikia kengele, lakini kazi yenyewe imo ndani ya daftari, kwenye safu mbili: saa ya kuondoka kule na saa ya kufika hapa. Nimeifanya kazi hiyo tangu ujana hadi kustaafu, kwenye stesheni ndogo za nyanda za juu kusini, kati ya Mlimba na Mbeya. Nyota nilizipenda kabla ya kuajiriwa. Kuzielewa kulikuja na daftari.

Kuzipenda kulianza Jumatatu ya Julai 21, 1969. Kwa saa zetu za Afrika Mashariki, Neil Armstrong alikanyaga mwezi ikikaribia saa kumi na mbili asubuhi, na tulipopanga mstari shuleni saa moja na nusu, yeye na Buzz Aldrin walikuwa bado wanatembea kule juu. Mwalimu wetu alikuwa na redio ya betri. Alitukalisha chini akatueleza, akatuambia pia kuna mwenzao wa tatu, Michael Collins, aliyebaki kwenye chombo akiuzunguka mwezi peke yake. Wenzangu waliuliza kuhusu wale wawili. Mimi nilimuulizia huyu wa tatu: akiwa upande wa pili wa mwezi, redio yake inasikika? Mwalimu akafikiri kidogo, akasema haisikiki, mwezi unaziba. Baadaye sana nilisoma kwamba katika kila mzunguko alikaa kama dakika 48 bila kusikia sauti ya binadamu yeyote. Hata leo, katika safari nzima ya Apollo 11, ninamfikiria yeye zaidi.

Nilipoajiriwa relini nilipelekwa mahali ambapo usiku ulikuwa usiku kweli. Ofisi ilikuwa na taa ya chemli, njia ilikuwa na taa za ishara, basi. Ukizima chemli na kutoka nje mwezi wa Julai, Njia ya Maziwa inapita juu ya utosi wako, na pale ndipo sehemu yake nene kuliko zote, upande uliko moyo wa galaksi yetu, yaani kundi kubwa la nyota tulimo. Nilidhani watu wote duniani wanauona usiku hivyo. Si kweli. Mtu aliyezaliwa Ulaya huiona sehemu hiyo ikiwa chini kabisa karibu na upeo wa macho, na yale Mawingu mawili ya Magellan, galaksi jirani zetu zinazoonekana kama vipande vya moshi upande wa kusini, hayaoni kamwe asiposafiri. Sisi tulio nyuzi chache tu kusini mwa ikweta tunaona karibu anga lote: kundi la nyota la Msalaba wa Kusini huku, na lile la Dubu Mkubwa kule kaskazini likiwa limelala chini. Hii ni mali, na tumepewa bure.

Aliyenifundisha kulisoma anga kabla ya kitabu chochote ni mlinzi wetu wa usiku, mzee wa Kibena. Ninaingia zamu, ninamwamkia, "Shikamoo, mzee." Naye ananyoosha fimbo kuelekea mashariki: "Marahaba, mwanangu. Kilimia kile kinachomoza. Mwambie mama watoto atengeneze mbegu." Ulikuwa Novemba, jua limetoka kuzama tu, na kishada kile cha nyota kilikuwa ndiyo kwanza kinapanda juu ya vilima. Mvua zilifika. Gadi mmoja wa treni, mtu wa Tanga, tulipomsimulia, akatuambia kwao wahenga walisema Kilimia kikizama kwa jua huzuka kwa mvua, kikizama kwa mvua huzuka kwa jua. Nilitaka kujua kama ni hivyo mwaka hadi mwaka. Nikanunua daftari langu la mistari, nikaanza kuandika: jioni ya mwisho ninapokiona magharibi, alfajiri ya kwanza ninapokiona mashariki, na hali ya hewa ya siku hiyo. Kwa nyanda zetu kinazama mwishoni mwa Aprili au Mei mvua zikiwa zinakatika, na kinazuka Juni kwa baridi kavu. Wazee walikuwa wameandika vichwani kile nilichokuwa ninakiandika kwa kalamu.

Daftari hilo lilibadilisha namna ninavyotazama. Mtu asiyeandika hukumbuka usiku mmoja mzuri na kusahau mingine yote. Anayeandika anajua kwamba jana wingu lilifunika saa nne, kwamba Zuhura ilikuwa upande huu wa kilima na leo iko upande ule. Niliwaambia vijana waliokuja kujifunza kazi kwangu jambo hilohilo kuhusu treni: andika ulichokiona kwanza, ndipo utafute inavyosema ratiba. Ukianza na ratiba, jicho lako litaona ratiba.

Mwaka 1986 ulianza kwa msiba. Januari 28 chombo cha Challenger kililipuka sekunde 73 baada ya kuruka, wakafa watu saba, mmoja wao mwalimu wa shule, Christa McAuliffe. Niliisikia kwenye redio ya jioni, nikaenda kukaa nje kwenye benchi la abiria. Ile ilikuwa mara ya kwanza kuhisi kwamba jambo hili ninalolipenda linadai maisha ya watu. Machi yake, saa kumi alfajiri, mawingu yakiwa yamefunguka upande wa kusini-mashariki, niliiona nyota ya Halley na mkia wake. Haikuwa kubwa kama magazeti yalivyoahidi. Ilikuwa doa laini lenye ukungu mwembamba ulioelekea mbali na jua. Usiku wa kuamkia Machi 14, chombo cha Ulaya kiitwacho Giotto kilipita kilomita 596 tu kutoka kwenye kiini chake, kikaonyesha ni donge la barafu na vumbi, jeusi kuliko makaa, la urefu wa kama kilomita 15. Donge la ukubwa huo, na mimi niliye kwenye benchi la stesheni ninaliona kwa macho yangu! Mzee wetu alisema baba yake alisimulia nyota yenye mkia iliyopita zamani. Mwaka 1910 Halley ilipita. Huenda ni hiyohiyo.

Lakini usiku ulionigeuza kabisa ni wa mwaka uliofuata. Februari 24, 1987, katika kituo cha Las Campanas nchini Chile, Ian Shelton aligundua nyota angavu katika Wingu Kubwa la Magellan, mahali ambapo hapo kabla hapakuwa na nyota ya kuonekana kwa macho. Ilikuwa nyota kubwa iliyolipuka. Tangu mwaka 1604 dunia haikuwa imeona mlipuko wa namna hiyo bila darubini. Mimi nilipata habari kwa redio, na baada ya kupitisha treni ya mizigo nikazima chemli, nikasubiri macho yazoee giza, nikatazama kusini. Lile wingu nililijua kama ninavyojua uso wa jirani. Na ndani yake palikuwa na nukta mpya.

Nikaenda kuandika. Safu ya kufika ilikuwa rahisi: Machi 1987, saa mbili na robo usiku. Safu ya kuondoka ndiyo iliyonishinda kwa muda, kwa sababu nuru ile ilikuwa safarini zaidi ya miaka 160,000. Ilipoanza safari hapakuwa na maandishi popote duniani, wala mji, wala shamba. Nilikaa na kalamu mkononi. Nimepokea simu za stesheni ya jirani kwa miaka, ninajua vizuri kwamba ninachoandika ni saa ya habari kunifikia, na kwamba treni yenyewe sasa hivi iko mahali pengine. Sikuwa nimewahi kufikiri kwamba anga lote liko hivyo. Mwezi ninaouona ni wa sekunde moja na robo iliyopita. Jua ni la dakika nane zilizopita. Kila nukta ina saa yake ya kuondoka, na zote zimefika kwangu pamoja, usiku mmoja.

Kuna jambo lingine kuhusu nyota ile ambalo nililijua baadaye na linanifurahisha hadi leo. Chembe zinazoitwa nyutrino, ambazo hupita katikati ya mwamba kama hakuna kitu, zilifika duniani saa kadhaa kabla ya nuru. Mitambo iliyochimbiwa ardhini huko Japani, Marekani na Muungano wa Kisovieti ilinasa chache. Hazikwenda mbio kuliko nuru, ziliondoka mapema. Kiini cha nyota kilipobomoka zilichomoka papo hapo, wakati nuru ilibidi isubiri hadi mshindo ufike juu ya uso wa nyota. Simu iliita kabla ya treni.

Darubini yangu ya kwanza, ya macho mawili, niliinunua kwa abiria aliyekuwa akirudi kutoka Kapiri Mposhi, Zambia. Kupitia darubini ile niliona miezi minne ya sayari ya Mshtarii, ile aliyoiona Galileo mwaka 1610, ikiwa nukta nne kwenye mstari mmoja, kila usiku zimebadilisha nafasi. Binti yangu alipoanza kazi Dar es Salaam aliniletea darubini ya kweli, lenzi ya milimita 70 na stendi ya miguu mitatu. "Baba, hii ni ya kwako peke yako, usiwape watoto wa mtaa waivunje," alisema. Hilo la pili sikulitii.

Kwa darubini hiyo nilifanya kazi ambayo nilikuwa nimeitamani tangu niliposoma habari za Ole Rømer. Huyu alikuwa Mdenmaki aliyefanya kazi Paris. Mwezi wa ndani kabisa kati ya ile minne, Io, huingia kwenye kivuli cha Mshtarii na kutoka kila baada ya saa 42 na nusu hivi. Wanaanga wa zamani walitengeneza ratiba yake, wakitarajia kuitumia kama saa ya dunia nzima. Lakini ratiba haikukaa sawa. Kuna nyakati za mwaka Io ilitangulia, nyakati nyingine ikachelewa. Wengine walitafuta kosa kwenye mwendo wa Io. Rømer aliona kwamba inachelewa pale dunia inapokuwa inajitenga na Mshtarii, akasema Io haina tatizo lolote, ni nuru inayochukua muda kutufikia. Mwaka 1676 alitangaza mapema kwamba Novemba 9 Io itatoka kivulini dakika kumi baada ya saa iliyotarajiwa, na ikawa hivyo. Yeye alikadiria nuru huchukua dakika 22 kuvuka upana wa njia ya dunia kulizunguka jua. Leo tunajua ni kama dakika 16 na nusu. Alikosea kiasi, lakini kabla yake wasomi wengi waliamini nuru haihitaji muda kabisa.

Niliposoma hayo nilisimama nikatembea chumbani. Huyu bwana alikuwa akisoma daftari la treni!

Mwaka 2014 ulikuwa mzuri kwa jambo hili. Mshtarii ilikuwa karibu nasi Januari, ikaanza kujitenga. Katikati ya Januari mvua ilinipa nafasi usiku mmoja, nikaiona Io ikitokeza kutoka kivulini. Haitokezi ghafla. Kwanza hakuna kitu pembeni mwa sayari, kisha unadhani unaona kitu, kisha una hakika, na kwa dakika chache nukta inakolea hadi inalingana na wenzake. Nilichagua kuandika saa ile ya kuwa na hakika, na nikajiapiza kutumia kipimo hichohicho mpaka mwisho. Kisha nikapiga hesabu: mizunguko 65, kila mmoja saa 42, dakika 28 na sekunde 36. Ikaniangukia mapema Mei, jioni, Mshtarii ikiwa magharibi na hewa ikiwa safi na baridi. Nilikuwa kwenye darubini nusu saa kabla. Saa ya hesabu yangu ikafika. Pembeni mwa Mshtarii hapakuwa na kitu. Dakika tano, hakuna. Mke wangu alinijia na shuka, akauliza, "Baba Tumaini, hiyo nyota yako imepotea?" Nikamwambia iko njiani. Dakika kumi, hakuna. Ilipopata dakika 12 hivi nikadhani naona kitu, kisha nikawa na hakika.

Dakika 12 ni umbali. Ni kilomita zaidi ya milioni 200 ambazo dunia ilikuwa imejiongezea kutoka kwa Mshtarii tangu Januari, na nimezipima uani kwangu kwa saa ya mkononi. Sijui kama nimewahi kufurahi namna ile kwa jambo lolote la kazi. Tangu hapo, chochote kikichelewa, swali langu la kwanza ni kimetoka umbali gani.

Watu husema mambo ya anga ni ya wenzetu wa mbali. Siwezi kukubali. Chombo cha kwanza kilichotumwa kuchunguza eksirei za angani kiliruka Desemba 12, 1970 kutoka jukwaa la Waitalia lililosimikwa baharini karibu na Malindi, siku ya uhuru wa Kenya, wakakiita Uhuru. Pwani ile ilichaguliwa kwa sababu iko karibu na ikweta, ambako dunia huzunguka kwa kasi kubwa kuliko popote na kukisukuma chombo bure. Uhuru ndiyo iliyosaidia kuonyesha kwamba Cygnus X-1, chanzo kimoja cha eksirei hizo, ni kitu cha ajabu, ambacho leo tunakijua kuwa shimo jeusi, kitu chenye mvuto mkubwa hata nuru haitoki. Riccardo Giacconi aliyeongoza uchunguzi huo alipata Tuzo ya Nobel mwaka 2002. Na ndani ya chombo cha Voyager 1, kilichoondoka mwaka 1977 na ambacho mwaka 2012 kilivuka kuingia kati ya nyota na nyota, kuna sahani ya santuri iliyopakwa dhahabu yenye wimbo wa wasichana wa Kimbuti wa msitu wa Ituri, Kongo. Ishara ya Voyager hiyo sasa inachukua zaidi ya saa 23 kutufikia. Wimbo wa msitu wetu ndio uliokwenda mbali kuliko nyimbo nyingi zinazopigwa redioni.

Ukitaka kukigusa kitu cha anga kwa mkono, nenda Mbozi. Kimondo kile kiko pale mlimani, chuma kama asilimia 90 na nikeli sehemu kubwa ya kinachobaki, urefu wa mita tatu hivi. Nilikwenda asubuhi ya baridi, nikaweka kiganja. Kilikuwa baridi kama reli ya alfajiri, na uso wake umejaa vishimo laini. Dunia ya wasomi ilikijua mwaka 1930, lakini Wanyiha waliishi nacho tangu kale, na hata wao hawana simulizi ya siku kilipoanguka. Kwa hiyo kwenye daftari langu safu ya kufika ya kimondo cha Mbozi ni tupu. Niliiacha hivyo, kwa heshima.

Septemba 1, 2016 anga lilitufuata nyumbani. Kupatwa kwa jua kwa pete kulipita Rujewa, wilaya ya Mbarali, watu wakaja kutoka kila upande na miwani maalumu. Mwezi ulikuwa mbali kidogo siku hiyo, hivyo haukutosha kulifunika jua lote. Ukaacha pete kwa kama dakika tatu, kabla ya saa sita mchana. Kila mtu alitazama juu. Mimi nilitazama, kisha nikawaita watoto waliokosa miwani waje chini ya mwembe. Kila mwanya kati ya majani ulikuwa umegeuka tundu la kamera, na juu ya vumbi palikuwa na pete za nuru mamia kwa mamia, zinatikisika upepo ukipita. Mtoto mmoja alijaribu kuokota.

Watoto wa mtaa bado wanakuja uani. Sayari ya Zohali ikiwa juu ndiyo siku ya foleni. Mmoja alichungulia, akatoa kichwa, akaenda mbele ya darubini akapapasa lenzi kwa kidole. "Babu, umebandika picha." Nikamwambia atazame tena bila kugusa, asubiri. Dunia inazunguka, kwa hiyo Zohali na pete zake iliteleza taratibu ikatoka nje ya duara. Akapiga kelele, "Inatembea!" Picha haitembei. Alijithibitishia mwenyewe, na sikuhitaji kuongeza neno.

Kinachoniuma ni taa. Mji wetu umekua, na ninaushukuru umeme, lakini taa nyingi zinamulika juu badala ya kumulika chini wanakopita watu. Wingu Kubwa la Magellan silioni tena nikiwa uani. Inabidi nitoke nje ya mji. Kofia ya bati juu ya taa ingetosha, na barabara ingeangaza zaidi.

Sasa ninajiandaa kwa Aprili 2029. Jiwe la angani liitwalo Apophis, la upana wa zaidi ya mita 300, litapita kilomita kama 32,000 tu juu ya uso wa dunia, karibu kuliko setilaiti nyingi za televisheni. Halitatugonga. Litaonekana kwa macho, na Afrika ni miongoni mwa mahali bora pa kuliona, usiku wa Ijumaa Aprili 13 kuamkia Jumamosi. Litakuwa karibu zaidi saa saba kasoro robo usiku kwa saa zetu. Nimekubaliana na mwenzangu aliyestaafia Dar es Salaam: yeye kule, mimi hapa Makambako, tulipige picha kwa simu dakika ileile, tulinganishe limekaa wapi kati ya nyota. Tofauti ya picha zetu mbili itatupa umbali wake. Aprili ni mwezi wa mvua, hasa Pwani, kwa hiyo tumemwomba binti yangu, aliyehamia Dodoma, awe wa tatu. Amekubali, na ameshauliza saa yake aiweke kwa redio au kwa simu. Nimemwambia kwa simu, na aikague siku hiyohiyo jioni.